Kujidekeza, kujiendekeza, anasa na starehe: neno lipi linabeba lawama gani?

Swali: Mwalimu, mimi na wenzangu tunaandaa kijitabu cha ushauri kwa wagonjwa wa kisukari. Iko sura inayozungumzia tabia ya mtu kujiruhusu kila anachokipenda bila kujizuia. Mimi niliandika "anasa", mwenzangu akafuta na kuandika "kujidekeza", mhariri naye akapendekeza "starehe". Rasimu ya kwanza kabisa ilikuwa na "kujipendekeza", na sote tulihisi kwamba halikukaa sawa. Lipi ndilo sahihi? Nauliza pia kwa sababu yangu mwenyewe: rafiki yangu husema "leo nimejidekeza" na watu hucheka, lakini shangazi aliponiambia "acha kujiendekeza" nilikosa usingizi. Je, maneno hayo mawili hayana maana moja?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lililo jepesi. Neno "kujipendekeza" lifuteni popote lilipo, kwa kuwa halina uhusiano wowote na jambo mnaloliandika isipokuwa mlio wake. Anayejipendekeza hajipi yeye chochote; anatafuta kupata nafasi machoni pa mwingine, mara nyingi mkubwa wake, kwa sifa asizoziamini na huduma asizoombwa. Mgonjwa atakayesoma katika kijitabu chenu kwamba kujipendekeza huharibu afya atadhani mmemkataza kumchekea daktari. Kosa hili nimelikuta hata katika kazi za waandishi wazuri, na chanzo chake naona ni kiambishi ji-: mtu akitafuta namna ya kueleza nafsi inayojifanyia mambo ya kupendeza, vipande vya "ji", "penda" na "ekeza" vinamjia vyenyewe mkononi, na akiviunganisha anapata neno ambalo tayari lina kazi nyingine.

Kiambishi hicho kinahitaji tahadhari kwa ujumla. "Kujipenda" si kujidekeza wala si ubinafsi. Tukisema "yule dada anajipenda" tunamsifu kwamba ni nadhifu, nywele zake zimetengenezwa na nguo zake zimepigwa pasi. "Kujipendelea" ni kujigawia fungu kubwa kuliko la wenzako. "Kujijali" na "kujitunza" ni sifa njema kabisa, nayo yatawafaa katika sura nyingine ya kijitabu chenu, ile inayomwelekeza mgonjwa kukagua miguu yake kila siku na kutodharau kidonda kidogo.

Sasa tuje kwenye jozi iliyokukosesha usingizi. Maneno yote mawili yana harufu ya malezi. "Kudeka" ni tendo la mtoto: analia pasipo maumivu, anakataa kutembea ilhali miguu ni mizima, anataka kulishwa ilhali mikono anayo, kwa sababu anajua yupo ampendaye atakayemvumilia. Kudeka kunahitaji mtazamaji. Mtoto akianguka akiwa peke yake uani, hunyanyuka, akajikung'uta vumbi na kuendelea kucheza. Akianguka huku mama amesimama mlangoni, hulala pale pale chini akisubiri kuinuliwa. Ndiyo maana lugha ina "kumdekea" mtu, kwa kauli ya kutendea: mtoto humdekea mama, mjukuu humdekea bibi, na wapendanao hudekeana bila aibu. Vitimbi vyenyewe huitwa madeko, na "acha madeko yako" ni kauli ambayo kila aliyelelewa na mtu wa Kiswahili amepata kuisikia. Upande wa pili yuko anayedekeza, yaani yule anayeyapokea madeko hayo na kuyalipa. Methali isemayo "mchelea mwana kulia hulia yeye" inamlenga huyo wa pili. Mtoto haulizwi kitu.

Kiambishi ji- kinapoingia, watu hao wawili wanakaa katika mwili mmoja. Anayejidekeza ndiye mtoto anayelia na ndiye mama anayembeba. Picha hiyo ina ucheshi ndani yake, nao ndio uliowachekesha wanaomsikiliza rafiki yako. Yeye amejitaja mwenyewe, ametaja siku moja, na ametumia -me-, ambayo hulifunga tendo likawa limekwisha. "Leo nimejidekeza, nimelala mpaka saa nne" ni ungamo la mtu anayejua kwamba kesho ataamka mapema. Ligeuze kidogo: "anajidekeza" kutoka kinywani mwa mtu mwingine ni lawama nyepesi, na "amezoea kujidekeza" ni hukumu. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani anasema na kama tendo limewekewa mpaka. Jambo hili halionekani kwa anayesoma kamusi peke yake, kwa kuwa kamusi huandika kitenzi bila nafsi wala njeo.

"Kuendekeza" ni ndugu wa kudekeza, lakini tabia zake ni nyingine. Ndani yake mna mzizi wa "enda", na ukitaka kuikumbuka maana yake sema hivi: kumwendekeza mtu ni kumwachia aende apendavyo pale ulipopaswa kumsimamisha. Tofauti yao iliyo wazi zaidi ni kwamba kudekeza kwa kawaida hutaka mtu, ilhali kuendekeza hukubali pia tabia. Tunasema "anaendekeza uvivu", "anaendekeza tumbo", "tusiendekeze rushwa". Jaribu kuweka "dekeza" katika sentensi hizo uone jinsi zinavyopinda. Rushwa haidekezwi, kwa sababu hakuna anayeibeba mgongoni na kuibembeleza. Tofauti ya pili ni upole. Dekeza lina upendo ndani yake, hata ukizidi, endekeza halina. Bibi anaweza kusema kwa fahari kwamba anamdekeza mjukuu wake wa mwisho, lakini hatasema kwamba anamwendekeza, labda awe anajilaumu. Vivyo hivyo, nimewasikia watu wengi wakisema "wikendi hii nitajidekeza", na sijamsikia hata mmoja akisema "wikendi hii nitajiendekeza" kwa furaha. Neno hilo halina siku ya mapumziko.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza nimalize na neno lako, "anasa", na la mhariri, "starehe", kwa kuwa yote mawili ni mazuri na yote mawili hayafai mahali mlipoyaweka.

Starehe na raha vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika, na mapumziko hayo bado yanasikika. Mtu akiinuka kitini ili akupishe au akusalimu, unaweza kumwambia "starehe!", yaani kaa, usijisumbue. "Staafu ustarehe" ni dua. "Kiti hiki kinastarehesha" ni sifa ya kiti. Kwa hiyo starehe yenyewe haina kosa. Kosa huja na maneno yanayoizunguka. "Mpenda starehe" tayari ameanza kutiliwa shaka, "kuendekeza starehe" ni lawama kamili, na "sehemu za starehe", ingawa ni maneno ya kiofisi kabisa, humfanya msikilizaji afikirie pombe, muziki na usiku mrefu. Raha ni nyepesi zaidi na hupatikana kwa bei yoyote, hata bure: kuna raha ya kuoga baada ya kazi, raha ya kuzungumza na rafiki, na hata raha ya kujikuna. Watu husema "raha jipe mwenyewe", na wasemapo hivyo hawaungami dhambi. Sasa fikirieni mgonjwa aliyeambiwa na kijitabu kwamba starehe ni adui wa afya yake, ilhali daktari wake amemwambia apumzike vya kutosha. Atamsikiliza nani?

Anasa ni nzito kuliko hizo mbili, na uzito wake umeongezwa na mimbari. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya Union, mfano wa mpanzi katika Injili ya Luka, sura ya 8, unasema kwamba mbegu zilizoanguka penye miiba husongwa "na shughuli, na mali, na anasa za maisha haya". Vizazi vimeyasikia maneno hayo, na "anasa za dunia" ni fungu ambalo wahubiri na wahadhiri wa misikitini hulitumia kwa sauti ile ile. Anasa ina mambo mawili ambayo raha haina: gharama, na kutokuwa na ulazima. Wanauchumi wameyachukua mambo hayo mawili wakaiacha dhambi, ndiyo maana tuna "bidhaa za anasa" katika mazungumzo ya kodi bila mtu kuhisi kwamba anahukumiwa. Wafanyabiashara nao wanaijua vizuri hatari ya neno hili. Tazama matangazo yao: hoteli ni ya kifahari, gari ni la kifahari, makazi ni ya kifahari. Hoteli hiyo hiyo, mkutano wa watumishi wa umma ukifanyika humo, kesho yake gazeti litaandika kwamba fedha zimeteketea katika hoteli ya anasa. Majengo hayajabadilika, mwandishi ndiye aliyegeuka.

Kwa hiyo "anasa" lako halimfikii msomaji wako. Mgonjwa mwenye kipato kidogo anayetia vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai hajioni katika neno hilo hata kidogo. Kwake anasa ni mambo ya matajiri, na sura yenu ataifunga akiamini kwamba inawahusu wengine.

Yapo maneno yanayoitazama hamu yenyewe, na hayo nitayapitia haraka kwa kuwa hamkuyauliza, ingawa nahofu yataingia katika kijitabu chenu kwa mlango wa nyuma. "Ulafi" umetokana na "la", kitenzi cha kula, na kwa kawaida haujatoka mbali na sahani: mlafi ni mtu anayekula kupita haja. "Uroho" una uhusiano na "roho", neno ambalo pamoja na maana zake za juu lilibeba pia maana ya koo, kama tunavyosikia bado katika "kumkaba roho". Mroho si lazima ale sana. Yeye hutaka hata kisicho chake, na macho yake hula kabla ya mkono. "Uchu" ulikuwa hasa hamu ya nyama au kitoweo, na leo umehamia kwenye siasa, maana uchu wa madaraka husikika mara nyingi kuliko uchu wa nyama. Maneno haya matatu ni matusi ya wastani. Usimwite mgonjwa mlafi kwa maandishi, hata kama unaona kwamba ni kweli, kwa sababu maandishi hayana tabasamu la kulipunguza makali.

Mapana zaidi ni yale yanayoutazama mfuko, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu lugha imesogea na wengi hawajatambua. "Israfu" na "ubadhirifu", yote ya Kiarabu, yalikuwa na maana ya kutumia kupita kiasi au mahali pasipofaa. Sura ya 17 ya Kurani, aya ya 27, inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na aliyeisikia aya hiyo utotoni alielewa kwamba anaonywa yeye mwenyewe asimwage maji wala asitupe chakula. Leo fungua gazeti: ubadhirifu umekuwa karibu sawa na wizi wa fedha za umma, neno la wakaguzi wa hesabu na la mahakamani. Ukimwambia mtu kwamba kununua jozi tatu za viatu ni ubadhirifu, anaweza kukuuliza alimwibia nani. "Ufisadi" umepita njia hiyo hiyo. Zamani ulikuwa uharibifu wa maadili, hata wa mtu kujiharibu au kumharibu mwenzake kwa tamaa za mwili, na leo hauachani na zabuni na mikataba. "Uasherati" umekwenda upande mwingine. Biblia hiyo hiyo inasema kwamba mwana mpotevu alitapanya mali yake "kwa maisha ya uasherati", na msomaji wa leo haoni ndani ya neno hilo ila zinaa. Kwa matumizi mabaya ya pesa za mtu binafsi, maneno yaliyobaki salama ni yale ya Kibantu yenye picha ya mkono unaotenda: kufuja, kutapanya, kutumbua, kuponda. Hilo la mwisho lina methali yake, "ponda mali, kufa kwaja", ambayo wengine huisema kwa kejeli na wengine kwa imani kamili.

Vijana wameongeza yao, na sioni sababu ya kuyanunia. Kula bata, kula raha, kuponda raha, kujirusha, kutanua, kujibamba, kujivinjari, kila moja lina mtaa wake na umri wake, na mengi yake hufa kabla hayajafika kwenye kamusi. Kinachonivutia ni kwamba takriban yote hayana lawama: hamu imevuliwa joho la dhambi na kuvikwa nguo za sikukuu. Moja tu lina ncha mbili, nalo ni "kujiachia". "Jiachie, uko nyumbani" ni ukarimu, lakini "siku hizi amejiachia" linaweza kuwa na maana kwamba mtu amefunguka na kufurahi, au kwamba ameacha kujitunza, amenenepa na hajali. Sauti ndiyo inayoamua, na kijitabu hakina sauti. Msilitumie.

Mtaniuliza, basi tuandike nini? Naona mmekuwa mkitafuta jina la tabia, wakati sura yenu inahitaji kitenzi na kipimo chake. Kiswahili kina neno la zamani na la heshima la upande wa pili wa jambo hili, nalo ni "kiasi". Kuwa na kiasi, kula kwa kiasi, kupita kiasi: mpaka umetajwa na hakuna aliyetukanwa. Katika orodha ya tunda la Roho, Wagalatia sura ya 5, watafsiri walipohitaji neno la mtu anayejitawala waliandika "kiasi" peke yake, na linatosha hadi leo. Tahadhari moja tu: msiende mpaka "kujinyima". Neno hilo humfanya mtu aone njaa na ufukara, na wapo wanaojinyima kwa ubahili tu. "Kujizuia" ni bora, na "kujipimia" ni bora zaidi mkizungumzia chakula, kwa kuwa linamwonyesha mtu akiwa na kijiko mkononi na akili kichwani.

Sentensi ya rasimu yenu, "Wagonjwa waepuke anasa na kujidekeza", ningeiandika upya hivi: "Kujiruhusu kidogo siku moja si tatizo kubwa kwa wagonjwa wengi; hatari ni pale unapojiruhusu leo kwa sababu umechoka, kesho kwa sababu umefurahi, na keshokutwa kwa sababu umehuzunika, mpaka kupita kiasi kukawa ndiyo kawaida yako." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na sehemu yake ya kitabibu daktari wenu ataipima, lakini msomaji atajikuta ndani yake. Chini yake mnaweza kuweka methali "chovya chovya humaliza buyu la asali", maana inafaa hapa kuliko mahali pengine popote nilipowahi kuiona ikitumiwa. Kichwa cha sura kiwe "Kula na kuishi kwa kiasi". Neno "kujiendekeza" linaweza kuingia mara moja, mwishoni, tena kwa nafsi ya kwanza wingi: "tusijiendekeze". Wingi huo humweka mwandishi kwenye benchi moja na mgonjwa, na ukali wa neno unagawanywa.

Nimebakiwa na shangazi. Hukuniambia ulikuwa ukifanya nini alipokuambia vile, lakini neno alilochagua linanisaidia kukisia. Angekuona umekaa tu na kula vitamu, angesema unajidekeza, pengine huku akicheka. "Acha kujiendekeza" huambiwa zaidi mtu aliyesema "siwezi": aliyeamka na kichwa kinamuuma kidogo akaghairi safari, aliyefeli mara moja akataka kuacha masomo, aliyeachwa na mchumba akawa hatoki chumbani wiki ya pili. Hapo kinacholaumiwa si raha yoyote, maana huenda mtu huyo hana raha hata chembe. Ni ule udhaifu anaoulea kama mwana. Kwa hiyo neno lake lilikuwa kali, naam, na hukukosea kuumia. Ila angalia pia kwamba mtu hamwambii hivyo yule anayemwona kwamba kweli hawezi. Ukimpigia simu, muulize alikuona unaendekeza nini hasa, kwa kuwa kitenzi hicho, kama nilivyosema, hutaka kitajiwe tabia yake, naye hakuitaja.